Sanduku Nitalifungua Mbele ya Watu

Baba,

Kesho nafanya mazingaombwe mjini Turbo, ya kwanza tangu tukuzike, na mwenye ukumbi ameniambia bila haya kwamba watu wanataka mchezo wa sanduku mwishoni. Nimekasirika tangu asubuhi, na wa kukasirikiwa ni wewe.

Hukujua kumaliza kwa njia nyingine. Unafungiwa ndani kwa kufuli, watu wanangoja, unakawia makusudi. Kwa nyuma nilikuwa nimeshachomoa msumari wa ubao, na ungeweza kutoka saa hiyo hiyo. Lakini wewe ulikuwa na lako: "Wacha kwanza mtu alie, Jepkosgei. Wakilia ndiyo natoka." Akishalia mama wa watu, unatokea mlangoni nyuma yao ukipunga kofia, na makofi hayaishi. Tulikuwa tunacheka njia nzima tukirudi Moiben.

Basi sikia. Jeneza lako lilipokuwa likiteremshwa, watu waliinua simu. Mmoja akasema, "Huyu mzee atatokea tu hapa nyuma," wakacheka, Baba, mbele ya Mama. Wengine hata waligeuka kuangalia. Sikuwa na nguvu za kuwatukana.

Hao nimewasamehe nusu. Nisilokusamehe ni la Chebet. Ulikataza kitinda mimba wako asiambiwe habari ya ubao, eti hofu ya usoni mwake inasaidia kazi. Sasa kila jioni anaenda kaburini kulia. Mama anadhani ni uchungu tu. Juzi mtoto akaniuliza kama analia polepole sana, ndiyo maana hutoki. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia mimi.

Kwa hivyo nimeamua. Kesho Chebet atakaa mbele kabisa. Mwishoni sitaingia sandukuni. Nitaligeuza, nichomoe msumari watu wote wakiona, ubao uanguke, halafu yeye apite ndani atokee upande wa pili. Watu watasema, "Kumbe ni hivyo tu," waende zao bila kupiga makofi. Najua ungechukia. Chukia.

Tukifika nyumbani nitamwambia kwamba jeneza lako lilipigwa misumari pande zote, na hakuna aliyeichomoa.

Lala, Baba. Nakuahidi Chebet hatalia tena ili utoke. Akilia, atakuwa analia kwa sababu umekufa.

Jepkosgei