Moshi Chini ya Turubai

Kisii,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani na goti lako limetulia. Je, mvua imefika Rabai? Mahindi ya nyuma ya nyumba yameota? Na mdogo wangu Kombo, bado anafika shuleni kengele ikiwa imeshalia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu hukunilea niandike uongo.

Nina hofu, Baba. Mara mbili nimeianza barua hii kwa habari za baridi na uzuri wa vilima vya huku, na mara mbili nimeichana. Sasa nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyokuwa ukiwaambia madereva pale gereji: "Usiniambie gari limekufa. Niambie lilianza kuumwa lini."

Basi lilianza na pikapu ya zahanati yetu. Ndiyo inayotupeleka vijijini kupima uzito wa watoto na kuwachanja: wiki hii Marani, wiki ijayo Ekerenyo. Ni ya petroli, ilinunuliwa ikiwa kuukuu, na nyuma ina mabenchi mawili na turubai juu ya vyuma. Rejeta inavuja. Stata imekufa, kwa hiyo injini ikishawaka dereva haizimi mpaka jioni, maana ikizimika ni kusukuma. Choki imekwama, inakunywa petroli kama ngamia na kutoa moshi mweusi. Na bomba la moshi lilikatika kwenye kiungo, kabla ya sailensa. Dereva wetu, Mzee Ombati, alilifunga kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia na waya.

Nilimwuliza siku moja kama hilo bati litashika. Akacheka. "Sista, gari ni kama ng'ombe mzee. Ukimsikiliza kila akilia, hutalima."

Nami nikacheka naye. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekaa nyuma na sanduku la chanjo, nikashuka na kichwa kinagonga kama kinapigiliwa misumari. Nikasema ni malaria, nikameza dawa. Mimi, Baba, niliyekua katikati ya magari yako, niliyekuona ukifungua milango yote ya gereji kabla ya kuwasha injini yoyote, na kumtoa kila mtu kwenye shimo la chini ya magari. Nilikuwa na kila kitu cha kunijulisha, na sikujua.

Sasa Kemunto. Ni msichana wa umri wangu, ameolewa Marani. Watoto wake wawili wa kwanza walikufa wakiwa wachanga. Huyu wa tatu alizaliwa kwetu, mvulana, mzima kabisa, na mimi ndiye niliyempokea. Alipokuwa na siku nne tuliwarudisha nyumbani kwa pikapu, Kemunto na mama mkwe wake, Bosibori, wakiwa nyuma, mimi mbele na Mzee Ombati. Njia inapita Nyakoe, na ilikuwa siku ya soko.

Lazima nikueleze jambo moja la huku. Watu wanaamini kuna macho ambayo yakimtazama mtoto mchanga, vitu vidogo vidogo, nyuzi, punje, vipande vya majani, humganda kwenye ngozi na kupenya ndani mpaka aumwe. Mwenye macho hayo huenda hataki kumdhuru mtu, na pengine hata hajui kuwa anayo. Kwa hiyo mama humfunika mtoto wake mbele za watu. Pale Nyakoe umati ulituzuia barabarani, na mjane mmoja muuza ndizi, Nyaboke, akainua pembe ya turubai kuwauzia. Akamwona mtoto. Akasema kwa furaha, "Oo! Mtoto mzuri namna hii!"

Kemunto alimfunika haraka. "Sista, funga hiyo turubai. Funga kabisa. Watu ya soko iko na macho."

Nikamtania: "Lakini wewe ni wa kanisa, Kemunto."

"Mimi ni wa kanisa," akajibu. "Macho haina kanisa."

Nilishuka nikaifunga. Pande zote, kamba zote, fundo juu ya fundo. Nilijiona muuguzi mwema anayeheshimu desturi za watu.

Mlima wa mbele ya Nyakoe uliichemsha injini. Mzee Ombati akasimama, akachukua debe akateremka mtoni, akaiacha injini ikinguruma kwa sababu ya stata. Alikawia. Mimi nilisimama mbele ya gari nikitazama mashamba. Nilipaza sauti, "Mko salama huko?" Bosibori akaitika. Baadaye nikauliza tena, pakawa kimya. Nikadhani wamelala. Baba, nilifurahi. Nilisema moyoni, maskini, amepata usingizi.

Tulipofika Marani nikafungua kamba. Bosibori alikuwa amejitapikia. Kemunto amelala kwenye benchi, macho nusu wazi, hanioni. Mtoto alikuwa kifuani pake, amefunikwa blanketi, amelegea kama kitambaa kilichoroweshwa.

Sikumbuki nilivyowashusha. Nakumbuka nyasi. Nakumbuka nilimvua mtoto blanketi na nguo zote mbele ya kijiji kizima, nikampulizia pumzi, nikamsugua mgongo, na wanawake wananipigia kelele nimfunike. Alilia. Baadaye kidogo mama yake naye akageuza kichwa. Wote watatu wako hai, Baba. Nakuambia sasa ili usisome yaliyobaki ukiwangojea wafe.

Huku wengine wakiwapepea, nilijilaza chini ya pikapu na sare yangu nyeupe. Bati la Mzee Ombati lilikuwa limeanguka. Bomba lilikuwa linapumua moja kwa moja kwenye sakafu, na sakafu hapo ina tundu la kutu linaloweza kupitisha ngumi. Kingo zake zilikuwa na masizi.

Mkubwa wetu wa zahanati alinisikiliza vizuri. Akaagiza bomba jipya kutoka Kisumu. Kisha akasema, "Lakini huko vijijini usiseme kitu. Wakisikia gari letu linaua, hakuna mama atakayeleta mtoto achanjwe." Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Marani walikuwa na jibu lao tayari.

Siku ya tatu Mzee Ombati akaniletea habari. Vijana wa Marani walikuwa wamekwenda Nyakoe wakabomoa paa la jiko la Nyaboke. Naibu chifu amemchukua mjane nyumbani kwake, lakini wanasema watarudi kummalizia nyumba, na safari hiyo watakwenda na kiberiti.

"Kwa kosa gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Si alisema mtoto ni mzuri?"

Nilikwenda kwa naibu chifu bila kumwambia mkubwa wetu. Nyaboke alikuwa jikoni hapo akimenya viazi, mwanamke mdogo wa umbo. Hakuuliza mimi ni nani. Naibu chifu aliposikia habari ya bomba alikuna kidevu. "Sista, mimi nakuamini. Lakini hao hutawashinda kwa maneno ya kitabu. Waonyeshe kitu."

Ndipo nikafikiria kuku.

Tulikusanyika uani kwa Kemunto, watu kama arobaini. Nyaboke tulimwacha kwa naibu chifu huko Nyakoe, makusudi, ili mtu asiseme alikuwapo. Nikaeleza: nitamweka kuku ndani, nifunge turubai kama siku ile, injini iwake bila gari kutembea. Macho ya mtu yeyote hayamo.

"Kuku ya nani?" akauliza Bosibori. "Si yangu!"

"Weka huyo jogoo ya jirani," mtu akasema, "anatuamsha bure." Watu wakacheka, hata mimi.

Kemunto akasema kutoka mlangoni, sauti bado dhaifu, "Chukua ile yangu nyeupe."

Mzee mmoja akasimama na fimbo. "Kama tunataka kujua ni gari au ni macho, basi mtu asiangalie. Kila mtu ageuke." Ilikuwa hoja ya akili, Baba, hata wewe ungeikubali. Wakageuka wote arobaini, wakaitazama migomba, huku pikapu ikinguruma migongoni mwao. Mimi sikugeuka. Nilikuwa na saa mkononi, nikitazama saa na turubai, turubai na saa, mpaka muda ule Mzee Ombati aliokaa mtoni ukatimia.

Nikafungua kamba. Kuku alikuwa amekufa. Nilimwinua juu kama mwalimu anayewaonyesha watoto ramani.

Kisha Bosibori akaanza, bila hasira, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka ufunguo.

"Nyaboke hakukuwa hapa."

"Hakukuwa," wakaitika.

"Sisi tuligeuka."

"Tuligeuka."

"Sasa nani aliangalia?"

Aliyeangalia, Baba, ni mimi tu. Nikamgeukia Mzee Ombati: "Waambie. Waambie habari ya bomba na bati." Alitazama viatu vyake. "Gari ni gari, Sista," akasema. "Zote ziko na moshi."

Mtu wa nyuma akauliza, "Kwani huyu anatoka wapi?"

"Mombasa."

"Aaa."

Unajua wanavyotusema sisi watu wa Pwani huku bara, kwamba uchawi wote hutoka kwetu. Ile "Aaa" haikuwa na kelele. Ilipita kutoka mtu hadi mtu kama kikombe cha maji. Na wanawake waliokuwa na watoto wakavuta shuka, mmoja baada ya mwingine, wakawafunika kutoka kwangu.

Njiani Mzee Ombati alilia. "Sista, nina watoto saba. Ningesema ni bomba, wangesema ni mimi nilitaka kuua mtoto wa watu." Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nimenyamaza kabla yake.

Nyaboke alirudi kwake siku hiyo hiyo. Vijana wale wale waliobomoa paa lake walileta nyasi wakaliezeka upya, wakimwita mama. Nilipoambiwa hivyo nilishukuru Mungu, na hapo hapo nikaelewa kwa nini sikubishana zaidi pale uani. Walitaka mtu mmoja. Nikijitoa, nafasi haibaki wazi.

Bomba jipya limefika na limefungwa. Nililikagua mwenyewe, halivuji hata kidogo. Gari limepona.

Siku iliyofuata ya Marani walikuja akina mama wawili tu, na mmoja alitaka nimpime mtoto akiwa amefungwa ndani ya kanga. Mimi nimesoma, Baba. Najua jina la hewa iliyomwua yule kuku. Lakini nilipomweka mtoto kwenye mizani, nilitazama mshale, nikaandika namba, nikamrudisha kwa mama yake bila kumtazama uso. Kama alikuwa na macho ya manjano, sikuona. Kama alikuwa amepungukiwa maji, sikuona. Hilo linanitisha kuliko vijana na kiberiti chao, ingawa nao wananitisha. Mchana nikisikia hatua za watu wengi njiani, nasimama nyuma ya mlango mpaka zipite.

Mkubwa wetu ameniandikia ombi la uhamisho. Liko hapa mezani, linangoja sahihi yangu tu. Ningeweza kuwa Mombasa kabla ya mwezi kwisha. Nimeishika kalamu mara nyingi. Halafu naona wazi kitakachotokea: mtoto mmoja Marani atapata homa, kama watoto wanavyopata, na mimi sipo. Watakaa chini tena wahesabu nani aliangalia. Nyumba ya Nyaboke iko kando ya barabara, kila mtu anaijua.

Sitatia sahihi. Ningependa kukuambia nimeamua kwa ujasiri, lakini hukunilea niandike uongo.

Kemunto hajasema neno juu yangu, jema wala baya. Namwogopa yeye kuliko wote, maana mtoto ni wake.

Nisalimie Bibi aliyenifundisha kusali, na Shangazi anayeuza mbaazi njia panda, na Mwalimu aliyenifundisha sayansi. Yeye mwambie kuku alikufa kama kitabu kilivyosema. Kombo mwambie asome. Mama usimsomee habari ya macho. Msomee mpaka pale mtoto alipolia, kisha ukunje karatasi.

Nijibu upesi, hata mistari miwili, na jina langu uliandike kwa mkono wako juu ya bahasha, Baba, nilione. Kesho ni siku ya Marani. Nitakwenda, na wakinipa mtoto, nitamfunua shuka, nimtazame.

Ni mimi binti yako,
Ester