Kigingi cha Kitalu cha Mtama

Leo Jumanne, na mvua imeanza kabla sijaamka. Bado inapiga mabati ya jirani hapa Kansanga. Nimekaa dirishani na shali mbili, miguu juu ya stuli kwa sababu imevimba tena.

Naogopa.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Humu kwenye blogu yangu nimewaandikia habari za mchicha wa kwenye ndoo, za mbolea ya maganda ya ndizi, za paka anayelala juu ya miche yangu. Sijawahi kuandika kwamba naogopa.

Wiki iliyopita daktari aliniambia moyo umechoka na maji yanapanda mapafuni. Alisema "miezi" bila kutaja mingapi, nami sikumuuliza. Kifo nakiogopa, hasa ninapolala chali na pumzi ikakataa kuja. Lakini ninachokiogopa zaidi asubuhi hii ni saa kumi alasiri. Kila Jumanne saa kumi Okidi hugonga geti langu akiwa na papai. Leo nimejiapiza kwamba nitamwambia nilichomfanyia.

Nisipomwambia, maandishi haya nitayafuta.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke wa miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa upande wa Bungoma, Kenya. Nilikuja Uganda kusomea kilimo nikabaki. Kwa miaka mingi nilisimamia shamba la malisho katika bustani ndogo ya wanyama kando ya ziwa. Bustani hiyo ilifungwa zamani na jina lake nitaliacha lipumzike.

Watu humtazama mnyama, na humtazama anayembebea ndoo. Hawaulizi kilichomo ndani ya ndoo kimetoka wapi. Kilitoka kwangu. Nilipanda majani ya mabingobingo ya swala, marando ya viazi kwa ajili ya kobe, miforosadi ya nyani, mianzi ya kuwapa korongo kivuli. Bwawani nilipanda mafunjo, si ya kuliwa bali ya kujificha, kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi mwenye kwato ndefu. Nzohe akikosa mahali pa kujificha hali vizuri wala hazai. Husimama tu ameinua kichwa, masikio yakicheza. Mafunjo yalipokua yakawafunika, jike mmoja alishika mimba. Nilijisifu wiki nzima, kana kwamba mimba ile nilimpa mimi.

Shamba lilikuwa na vitalu vingi, na waliokata majani hawakusomea kilimo. Kwa hiyo niliweka vigingi. Mwanzoni mwa kila kitalu palikuwa na kigingi cha mbao kilichopakwa rangi. Cheupe, kata. Chekundu, usiguse. Mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kuvibadilisha.

Hakuna aliyebishana na kigingi.

Okidi ndiye aliyewatunza nzohe. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini hivi, mtoto wa mwanajeshi kutoka kaskazini, amekulia kambini na kuongea Kiswahili cha kambini. Aliniita Madamu, na bado ananiita hivyo. "Madamu, watu nasoma ili kukaa ofisi," alizoea kunitania, "wewe umesoma miaka yote hiyo ili kupikia swala!" Aliwajua wanyama wake mmoja mmoja kwa masikio yao. Lakini mtama mchanga na mahindi machanga hakuweza kuvitofautisha, wala hakuhitaji. Alikuwa na vigingi.

Mwaka ule kiangazi kilirefuka. Mkurugenzi alitaka tununue majani kwa watu wa Nateete. Nikamwambia, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba shamba langu halijawahi kushindwa kulisha mnyama na halitashindwa. Wiki mbili baadaye mabingobingo yalikuwa vijiti vitupu. Kilichosalia ni kitalu kimoja cha mtama, nilichokuwa nimekikata kikachipua upya, kisha kikadumaa kwa jua. Mvua ikanyesha siku mbili. Mtama ukawa kijani cha kupendeza, chini kidogo ya goti.

Mtama wa namna hiyo una sumu. Ukiwa mchanga, umechipua baada ya kukatwa, umeteswa na ukame, unaweza kumwua kwa dakika chache mnyama anayecheua. Kila aliyesomea malisho anafundishwa hivyo. Mimi niliwahi kulifundisha somo hilo.

Nilisimama pale nikijua. Nikawaza, nitawachanganyia kidogo tu na marando, hawatadhurika. Nikang'oa kigingi chekundu nikachomeka cheupe. Kisha nikaingia ofisini kumweleza mkurugenzi kwamba leo pia hatununui majani, na maelezo yakawa marefu kwa sababu nilikuwa nayafurahia.

Sikuwahi kuchanganya chochote. Okidi aliona cheupe, akakata, akawapelekea wanyama wake wenye njaa.

Nilimsikia akiniita kabla sijamwona. Nzohe wawili walikuwa chini, miguu ikipiga hewa. Fizi zao zilikuwa nyekundu angavu, nyekundu isiyo ya kawaida, na nilipoiona tu nilijua. Okidi alikuwa amepiga magoti, kichwa cha yule mwenye mimba mapajani mwake, akimsemesha kwa lugha ya kwao maneno nisiyoyajua. Watu walikimbilia kwake.

Mimi nilikimbilia upande mwingine. Nilikwenda shambani, nikang'oa cheupe, nikarudisha chekundu, nikapangusa mikono kwenye sketi.

Nilikuwa mjane, mgeni katika nchi hii, mwenye watoto watatu shuleni na kibali cha kazi kilichotegemea kazi ile moja. Nayaandika hayo ili myajue, si ili mnihurumie. Okidi naye alikuwa na watoto.

Kesho yake tulikaa kikao. Okidi akasema kigingi kilikuwa cheupe. Tukaenda sote kutazama. Kilikuwa chekundu.

"Afande," mkuu wa stoo akamwuliza, "jana ulianza na chupa ngapi?"

"Mimi sikunywa. Naapa kwa Mungu, ilikuwa nyeupe."

"Na baba yako huko jeshini alikuwa nalenga nini, kama mtoto hata nyekundu hajui?"

Watu wakacheka. Nami nilitabasamu. Ndimi niliyekuwa nikiandika ripoti, na niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, kwamba mtunza wanyama Okidi alipuuza alama ya hatari.

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Alinisubiri getini na kifurushi chake. Laiti angekuwa na hasira. Alikuwa na swali.

"Madamu, wewe ndiyo umesoma. Mimi niliona nyeupe kabisa. Sasa wote naona nyekundu, hata mimi leo naona nyekundu. Hii macho yangu iko na nini?"

Nikamjibu, "Labda ni macho."

Maneno matatu. Kuna siku nadhani kwamba nzohe wale nitasamehewa, na hata ripoti. Maneno matatu yale ndiyo naogopa kuyakuta mbele yangu.

Kwa sababu aliyaamini. Macho ya Okidi ni mazima. Ila haamini yanachomwambia. Alipata nafasi ya udereva, akaikataa mwenyewe, akisema asije akaua watu kwenye taa za barabarani. Amelinda mageti ya wengine tangu hapo, na geti la kwanza mimi ndiye niliyemtafutia, naye akaniona mfadhili. Akienda sokoni hachagui nyanya bila binti yake. Siku binti huyo alipoolewa, aliwauliza watu watatu kama tai yake inalingana na shati, na wa tatu nilikuwa mimi. Nikamwambia inalingana. Nikaingia chooni nikalia, nikatoka, nikala keki.

Zaidi ya miaka thelathini ameniletea papai. Nisipofungua mdomo leo, huenda nikafa naye akaendelea kuuliza watu rangi mpaka mwisho wake. Na nikifungua, huenda nikafa bila mtu wa kunigongea geti. Watoto wangu wako mbali. Naogopa uso wake. Naogopa akinyamaza. Naogopa pia, na hili ni la aibu, kwamba akinisamehe haraka nitafurahi.

Sasa ni saa tisa na nusu. Naacha hapa.

*

Saa kumi na mbili na robo. Mvua imekatika.

Alikuja ameloa mabega, akaweka papai mezani na kuuliza kama anavyouliza siku zote: "Hii iko yelo, Madamu? Ama wamenipatia ya grini?"

"Wewe unaionaje?"

"Aa, mimi tena!" Akacheka. "Uliza mtu wa macho."

Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu, wenye kiangazi ndani yake, na watoto wangu, na kibali. Wote ulinitoka kichwani. Nikasema, "Okidi, kigingi kilikuwa cheupe. Uliona sawa. Mimi ndiye niliyekiweka, na wanyama walipoanguka nikakimbia kuking'oa nikarudisha chekundu. Macho yako hayajawahi kuwa na kitu."

Alikuwa anapangusa kichwa kwa leso. Mkono ukasimama juu ya kichwa.

Niliweza kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati la jirani.

"Ile ya mimba," alisema hatimaye. "Ulijua atakufa?"

"Nilijua anaweza kufa."

"Na pale geti nikikuuliza, ulijua mimi iko sawa?"

"Nilijua."

"Na hii papai yote nilikuwa naleta."

"Ndiyo."

Akasimama. Nakiri niliogopa; yeye ni mzee sasa, lakini bado ni mtu mkubwa, nami siwezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Nilishika mbao za kiti kwa nguvu zote. Hakunisogelea. Alikwenda dirishani, akanipa mgongo.

"Geti ni bluu," alisema.

Hakuwa anauliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie ndiyo, kama nilivyozoea, nikaufunga.

"Ile ndoo ya maua ni nyeusi. Maua ni ya pinki." Aligeuka, akanitazama toka kichwani hadi miguuni kama mtu anayekagua mzigo. "Shali ya juu ni nyeupe. Hii ya chini ni maruni." Akalichukua papai, akalizungusha polepole mikononi, akatafuta upande wenye doa akalitazama karibu kabisa na uso. "Yelo. Huku chini kidogo iko grini. Huyo mama wa soko amenidanganya, alisema imeiva yote."

Kisha akaanza kulia, akiwa amelishika vilevile.

Sikumwomba msamaha mara mbili. Nilimwomba mara moja, hakujibu, na sikuona haki ya kumwomba tena. Nilimwuliza jambo jingine: kama naweza kuyaandika haya watu wayasome, na kama nilifiche jina lake.

"Weka jina," alisema. "Ile ripoti uliandika jina yangu. Hii pia andika. Na hiyo rangi, usiache."

Akaweka papai mezani, akavaa kofia yake iliyoloa. Hakunywa chai. Kila Jumanne akifika mlangoni husema, "Haya Madamu, tuonane," na leo hakusema. Nilimtazama kupitia dirisha. Alifika getini akasimama nje, barabarani, kofia mkononi, akatazama vitu: pikipiki iliyopita, kanga za jirani kwenye kamba, mabati. Alisimama mpaka watu wakaanza kumkwepa. Kisha akaenda.

Nilidhani nikishasema nitapumua vizuri. Pumzi ni fupi kuliko asubuhi, na hofu haijaondoka. Imebadilika sura tu. Papai liko mezani na sijui kama nina ruhusa ya kulikata. Sijui kama Jumanne ijayo geti litagongwa, wala kama nitakuwapo wa kulisikia.

Lakini nilipewa kazi moja na nina nguvu za kuimaliza kabla giza halijaingia. Hii ndiyo ripoti ambayo ningeiandika siku ile.

Mtunza wanyama Okidi aliona sawasawa. Kigingi kilikuwa cheupe.