Siku Chiriku Aliponifokea Kwenye Maporomoko

Nyumbani, mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la fundi saa.
Jumanne, 9 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, hajambo shemeji, hawajambo wanangu? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za kazini? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini kukohoa kwake unakujua, huanza pale vyombo vinapotaka kuoshwa. Mimi miguu inaniuma, na sababu yake ndiyo barua yenyewe.

Ulishasikia kwamba mwanao Chiriku alipata kazi kwenye kampuni ya kutembeza wageni, ila ya majaribio, miezi mitatu. Yeye dereva, yeye mwongozaji. Alhamisi iliyopita ilikuwa safari yake ya mwisho ya majaribio. Bosi wao, mama mmoja mnene wa maneno machache, alikaa kiti cha nyuma na daftari lake, na jioni ndiyo angesema mtoto anaajiriwa au anarudi nyumbani. Kiti kimoja kilikuwa wazi, bosi akaruhusu kijazwe na ndugu. Nani mwingine kama si mimi?

Chiriku alinipa sharti moja, nisiseme kwamba ni mama yake. Nikakubali. Tulipofika kona ya pili walikuwa wanajua wote, pamoja na mwezi alioota jino la kwanza. Ningefanyaje? Daktari wa meno aliyekaa pembeni yangu alisema, "Huyu binti anaendesha vizuri." Ulitaka ninyamaze?

Na kweli anaendesha. Barabara ile inazunguka mlima, huku mwamba, huku bonde tupu, na mto uko chini kabisa mwembamba kama uzi. Hakukanyaga breki kwa ghafla hata mara moja. Nilikuwa nahesabu. Maporomoko ya kwanza tuliyaona kutoka barabarani. Ya pili tuliyafuata kwa miguu saa nzima, mawe na mizizi mtindo mmoja. Kulikuwa na wachumba wawili vijana wenye fimbo mpya za kupandia mlima. Wao walipumzika mara nne, mimi mara tatu.

Kwenye ya tatu ndipo tulipooga. Maji yanashuka kutoka juu kama nyumba ya ghorofa tatu, yanaangukia kwenye bwawa ambalo mto wenyewe umelichimba ndani ya mwamba. Ni ya kijani, na baridi yake inakufanya uwaite marehemu wote kwa majina. Nyuma ya maji yanayoanguka kuna nafasi kama kibaraza, mtu anaweza kusimama humo asionekane.

Kabla hatujaingia, Chiriku alitoa kanuni zake. Kila anayeingia majini aache viatu juu ya jiwe bapa, ncha zikitazama maji, na akitoka avae vyake papo hapo. Tena filimbi ikilia, kila mtu nje bila swali. Sababu ya viatu hakuieleza. Mimi nikadhani ni unadhifu, nikajisemea moyoni, hapo nimelea.

Nilikuwa wa kwanza kutoka. Nikavaa ndala zangu, nikaona matone yanarukia viatu vya watu, na raba za daktari ni nyeupe pee. Kiherehere kikanipanda. Unanijua mimi na viatu mlangoni. Nikavikusanya vyote nikavipanga nyuma ya kichaka penye jua, jozi kwa jozi, kuanzia vikubwa mpaka vidogo. Vilipendeza, sitakudanganya.

Haukupita muda, maji yakaanza kuleta majani na povu. Ule ukijani ukawa rangi ya chai ya maziwa. Kumbe huko juu mvua imenyesha, sisi tumekaa kwenye jua. Filimbi ikalia. Wachumba wakatoka wanatetemeka. Chiriku akatazama jiwe, akaliona tupu, na jiwe tupu kwake maana yake wote wametoka. Akaanza kukunja kamba yake ya kuokolea. Halafu akaona wachumba wako peku.

"Viatu vyenu viko wapi?"

Nikadakia kwa furaha, "Nimevipanga kule, mwanangu, visilowe!"

Uso ule sijawahi kuuona. Akahesabu vichwa kwa kidole. Daktari hayupo. Alikuwa kule kibarazani nyuma ya maji, na kule hata wakipiga tarumbeta husikii.

Chiriku akajifunga kamba kiunoni, ncha akawapa bosi na yule kijana mchumba, akapita ukingoni ameshikilia mwamba, maji yanamfika kifuani. Mwanangu kaingia kwenye maji yale kwa sababu ya mikono yangu. Akatokea kamshika daktari mkono. Hatukumaliza kupanda kilima, jiwe bapa likazama.

Hapo akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama, nyumbani panga unavyotaka. Hapa vile viatu ndiyo vichwa vya watu. Ukigusa kitu tena unakaa garini!"

Nikasema, "Sawa."

Daktari akataka kunitetea. "Mwache, si mama yako?"

"Hapa ni abiria," akamjibu.

Njia nzima ya kurudi niligeuka kutazama daftari la bosi. Nilijua nimemmwagia mtoto unga wake.

Jioni ofisini Chiriku akajaza fomu ya safari, bosi akaisoma kwa sauti. Hakuficha kitu. "Abiria aliondoa viatu kwenye jiwe. Abiria huyo ni mama yangu. Kosa ni langu, sikueleza sababu ya kanuni." Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, niseme kosa ni langu mimi. Bosi akaniambia, "Mama, hujaulizwa." Kisha akamwambia Chiriku kwamba aliyeweza kumfokea mama yake hatashindwa na mgeni yeyote, hata awe waziri. Aanze Jumatatu, na sababu ya viatu aieleze kila safari.

Jana ameanza. Amepewa gari kubwa, wageni kumi na wanne.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile, mdogo wangu, mkuu ndiye hakusikia, na guu lililotaka kuvunjika ni la mwenzake.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako na wale mapacha. Wifi mkubwa mwambie kitambaa chake nimekipata. Mungu awafunike huko mliko, na barabara zenu ziwe salama.

Nilitaka kukuandikia habari ya kazi tu, haya ya viatu niyameze. Nikaona hapana. Ukiwasimulia wakwe zako, usiyaruke, hata wakinicheka. Bila viatu hawatajua nimezaa mtu wa namna gani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mama Chiriku