Lita Ishirini na Tano za Chantal

Jumanne. Mawingu yameshuka hadi juu ya ziwa, na goti langu la kushoto linauma tangu alfajiri. Leo sikuwa na huruma ya kumgawia mtu.

Wasimamizi wa maji katika kituo cha wakimbizi, hapa karibu na Katonga, waliniomba mimi, mwalimu wa hesabu, niwapime watu wawili. Nafasi ni moja: kuchanganya dawa ya maji. Zuhura ni binti wa mtaa wa Kasingirima, hapa mjini. Chantal ni mkimbizi kutoka Burundi; kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake amelazwa hospitalini hapa mjini. Akipata nafasi, atabaki kituoni na kumuuguza. Akikosa, atapanda basi la mchana kwenda kambini, na ruhusa ya kutoka kule haipatikani kwa urahisi.

Niliyajua hayo kabla sijashika chaki.

Swali: una lita kumi za dawa yenye nguvu ya asilimia tano, unataka iwe ya asilimia mbili, utaongeza lita ngapi za maji?

Zuhura aliandika 5 × 10 = 2(10 + x), akapata kumi na tano. Chantal aliandika 5 × 10 = 2x, akapata ishirini na tano. Mwandiko mzuri, jibu baya. x yake ilikuwa mchanganyiko wote, si maji ya kuongeza. Kituoni, ambako Chantal husaidia, humimina dawa kwanza, kisha hujaza maji mpaka kwenye alama ya pipa, hapa ya ishirini na tano. Amezoea kutazama alama, akasahau kuondoa lita kumi zilizokwisha kuwamo.

"Dada, hiyo ni dawa au maji ya kunawa?" Zuhura alicheka.

Sikumkemea. Nilimwambia Chantal, mbele ya wasimamizi, "Kwa jibu hili umekwisha kuua watoto."

"Mbabarira, Mwalimu," aliniomba radhi kwa Kirundi. "Nipe swali jingine. Moja tu."

"Anayekunywa hapewi tumbo jingine."

Nikaandika sifuri.

Nilipokuwa nikimpongeza Zuhura, nilimwona Chantal akiandika kwa kidole juu ya paja lake. Alifika kwenye kumi na tano, akaacha. Basi liliondoka saa nane. Hakupewa muda wa kupitia hospitalini.

Jioni hii nimejiuliza: je, ningekubali wajukuu wangu wanywe maji yaliyotiwa dawa na Chantal?

Ndiyo, bila wasiwasi wowote.

Sifuri yake inabaki.