Ngazi ya Kupitia Jikoni

Ndiyo, dada, ngazi uliyoniuliza imekwisha, lakini kabla sijafika huko nikusalimu kwanza. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Kikohozi cha watoto kimepoa? Sisi wazima, na mimi nina furaha mpaka naona aibu kuiandika. Miezi mitatu ya ndoa, na bado mume wangu akirudi kazini nazitambua hatua zake tangu barabarani.

Kama unavyojua, wakwe zangu walitupa sehemu ya juu ya gereji yao tujenge vyumba viwili. Kuta zile zilijengwa kubeba mabati tu, zisingestahimili matofali. Ndiyo maana fundi seremala, tunayemwita Kipimo kwa kuwa hata salamu huipima kabla ya kuitoa, akashauri ghorofa iwe ya mbao. Paa likaondolewa, maboriti yakalazwa, fremu za kuta zikaunganishwa na kusimamishwa kwa siku moja. Dada, kukaa na mume wako kwenye sakafu isiyo na paa, vumbi la mbao limejaa nywelani, mnabishana kitanda kikae wapi, ni raha isiyoelezeka.

Katika mchoro, ngazi ilikuwa nje, upande wa barabara, na mlango wetu wenyewe. Siku moja nikakuta Kipimo amekata tundu sakafuni na ngazi inapanda kutoka ndani ya gereji. Gereji ile ina milango miwili tu: ule wa gari, ambao baba mkwe huufunga kwa kufuli, na mdogo unaotokea jikoni kwa mama mkwe. Maana yake kila nikitoka na kuingia nipite mbele ya masufuria yake. Nikanuna. Nilimwona mama mkwe mnafiki, ananiita mwanangu huku ananiwekea ulinzi. Majuma mawili nilimsalimu kwa ncha ya ulimi.

Juzi Kipimo akaniuliza kwa utani kama apunguze dirisha la chumbani, kwani amesikia mimi ni hodari wa kupita madirishani. Alisema amewahi kuhamisha ngazi kwa sababu ya mashimo na miti, lakini hii ni mara ya kwanza kuihamisha kwa sababu ya bweni la shule. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Habari ya bweni nilikusimulia wewe peke yako. Kwamba kidato cha tatu niliruka dirisha la bweni usiku kumfuata kijana, nikamngoja stendi mpaka asubuhi na asitokee, hata mama hajui hadi leo. Uliniapia, dada.

Nikamwendea mama mkwe. Aliacha kuchambua mchele, akasema taratibu kwamba yeye hakuwa na haja ya kuigusa ngazi; ila ulipokuja kuona ujenzi ulimshika mkono, ukamsimulia ya bweni, fundi akisikia, ukamwambia mdogo wako hajatulia, asiachiwe mlango wake. Alidhani dada mtu ndiye amjuaye mdogo wake, nani abishane naye. Nikamwomba radhi, naye akaniomba, tukaumaliza mchele pamoja.

Sasa nikiri. Nimemweleza mume wangu yote kwa kinywa changu, kabla hajayasikia kwa fundi. Niliiona ndoa yangu yote imekaa kwenye ulimi wako. Yeye akauliza kitu kimoja tu: kama niliumia niliporuka. Kesho yake yeye na Kipimo wakakata nguzo mbili za ukuta, wakaweka boriti juu ya uwazi wa mlango, na ngazi ikarudi nje. Kipimo alisema ungekuwa ukuta wa matofali, tungelia.

Nilidhani nikipata mlango hasira itakwisha. Haijaisha. Nina habari nyingine, ya heri, ya kuhesabiwa miezi, ambayo zamani ungeanza kuijua wewe. Safari hii ameijua mume wangu, akafuata mama mkwe, nawe unaisoma kwenye karatasi.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu. Usinijibu kwa barua. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja mwenyewe, nikae mbele yako, uniambie nilikukosea nini.

Mdogo wako,
Chiriku