Mwambie Ainue Mikono

Maman,

Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, na leo nimeapa sitapiga kelele. Nimekaa mlangoni pa atelye yako ya kushona hapa Kamembe. Ndani kuna cherehani mbili, yangu na ya Nsimire, na Nsimire mwenyewe hajafika. Alisema leo atanipa jibu: anabaki tushone pamoja, au anavusha cherehani yake ng'ambo ya mpaka, kwao Bukavu, akaanze peke yake. Watu wanaotoka darajani wanapita mbele yangu na mizigo yao ya asubuhi. Naangalia sura moja moja, yeye hayumo.

Unajua mimi na kungoja. Siku ile baba aliponileta kutoka Gashonga nijifunze kazi kwako, ulimuuliza jina langu, akasema Pacifique, yaani muntu wa amani, na wakati huo huo mimi nilikuwa nagombana na mwenye pikipiki aliyetuleta. Ulicheka mpaka ukatafuta kiti. Ukasema, "Mwenye kukupa hili jina hakukuangalia kwanza."

Wewe ulikuwa unapima roho ya muntu kabla ya kiuno chake. Ulitufundisha mimi na Nsimire kwamba mwanamke wa moto anachagua kitambaa akiwa bado mlangoni, na anataka nguo kesho. Huyo tumwachie nafasi kwenye kwapa, maana anaongea kwa mikono. Wa upepo anapenda vitenge vitatu mara moja. Chake tusikikate siku hiyo, kilale kwanza, atarudi amebadili mawazo. Halafu pasta akaja kufundisha wachumba mambo hayo hayo kanisani, na majina marefu ya Kifaransa. Ukanikanyaga mguu chini ya benchi: "Huyo sanguin si ndiye yule mama wa vitenge vitatu?" Mimi nikacheka kwa sauti, kanisa zima likageuka, na wewe umetulia kama vile hukuwemo!

Lakini muntu wa kimya ndiye aliyekutia wasiwasi. "Huyo," ulisema, "nguo inaweza kumkaba koo na bado akakuambia iko sawa. Musimuulize, batoto yangu. Mwambieni ainue mikono. Mutaona penyewe panapobana."

Tangu tukuzike mambo yamebadilika, na aliyeyabadilisha ni mimi, mbio mbio, kwa sababu nikikaa bila kazi nalia. Nimepaka kuta rangi ya kijani. Nimeitoa cherehani ya Nsimire dirishani ili wateja wapate pa kukaa. Nimepokea kazi za arusi mbili kwa pamoja. Kila mara nilimwambia Nsimire, na kila mara akanijibu, "Iko sawa, Pacifique." Basi mimi nikajua iko sawa. Mjinga mimi!

Juzi, Jumamosi, alikuja bibi arusi mmoja kutoka Nkungu kujaribu gauni lake. Alikuja na shangazi yake anayekaa Bukavu. Binti hasemi kitu. Shangazi ndiye anasema: kola nzuri, urefu mzuri, haya vua twende. Nsimire alikuwa amepiga magoti anapanga pindo, pini zimejaa mdomoni. Ndipo shangazi akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba sasa watakuwa na fundi mzuri kwao, maana amesikia huyu mwenzangu anatafuta nafasi ya kuweka cherehani karibu na soko.

Maman, damu ilinichemka. Nikasahau mteja, nikasahau arusi. Nikamuuliza Nsimire pale pale, kwa ile sauti yangu inayofika barabarani: unahama? Unaniacha, halafu nasikia kwa wateja? Akatoa pini mdomoni, moja, nyingine, anazichoma kwenye blauzi yake, na mimi nimesimama juu yake nasema sema, sema kitu! Akasema, "Iko sawa, Pacifique." Halafu akamgeukia bibi arusi, taratibu: "Mdogo wangu, inua mikono."

Binti akainua. Mshono wa kwapa ukapasuka, praa! Gauni lile nililikata mimi, kwa haraka, nikabana kwapa kwa sababu nilipenda linavyokaa. Binti akaanza kulia. Kumbe tangu alipolivaa mara ya kwanza lilikuwa linamuumiza, ila aliogopa kutusumbua.

Shangazi alisema yake yote, tukaomba pardon, tukaahidi litakuwa tayari kabla ya arusi, wakaenda. Tukabaki wawili. Nsimire akalichukua lile gauni, akaanza kufumua. Mimi nilitaka kuanza tena. Maneno yalikuwa yamejaa hapa kwenye ulimi, na makali kweli. Sijui ni wewe uliyenishika, nikayameza, nikasema, "Nsimire, inua mikono."

Akasema yeye si mteja. Nikasema inua tu, nakuomba. Akaniangalia sana. Akaiinua, na uzi bado unaning'inia kwenye vidole. Nikamuuliza vile ulivyokuwa unauliza wewe: panabana wapi?

Na akasema, Maman! Alisema dirishani ndipo alipozoea kukuona umekaa mbele yake, na mimi nilimtoa pale bila kumuuliza. Alisema kwenye matanga yako mimi nilianguka chini nikalia, watu wote wakanishika, wakanipa maji, wakanifunika. Yeye alichemsha chai ya watu wote wale. Hakuna hata muntu mmoja aliyemwambia pole. Dada zako walinong'ona kwamba hakukupenda, na akasikia, akaendelea kuosha vikombe. "Hata weye hukuniambia pole," alisema. Mikono bado iko juu.

Halafu akasema lile linaloniuma mpaka sasa. Alisema siku zako za mwisho ulikuwa ukijishika ubavu kila ukiinuka kwenye kiti, na ukituambia iko sawa, batoto yangu, ni uzee tu. "Mimi niliona, nikanyamaza. Weye ungepiga kelele mpaka Maman aende hospitali. Lakini hukuona."

Nikamwambia pole, na nilichelewa kuisema, najua. Tukalia wote wawili, yeye bila sauti hata hapo. Nilipomuomba abaki nilitegemea ile "iko sawa" yake. Hakuisema. Alisema, "Nitafikiri. Jumatatu nitakujibu." Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu safari hii alikuwa anasema kweli.

Jana nimerudisha cherehani yake dirishani, peke yangu, mgongo unauma. Nilitaka kumpigia simu nimwambie njoo uone. Nikaifungia simu kabatini pamoja na vitambaa. Ingekuwa zamani ningekuwa nimeshavuka daraja, nimesimama mlangoni kwao, nadai jibu.

Ngoja.

Namuona. Amevaa kile kitenge cha njano ulichomshonea. Anatembea mwendo wake ule ule, kama hakuna muntu duniani anayemngoja. Naangalia kama kuna mbebaji nyuma yake wa kuchukua cherehani. Kuna mwanaume anakuja na toroli, Mungu wangu. Hapana, amepita, anaelekea sokoni.

Amefika. Amenisalimu, nimemsalimu, ameingia. Sijasema neno lingine. Naandika ili mdomo wangu utulie. Ameiona cherehani. Amesimama mbele yake. Amekaa. Anazungusha gurudumu kidogo, anaacha. Maman, nakufa hapa.

Amesema.

Amesema, "Pacifique, hiki kiti ni kifupi, magoti yananibana. Na hii rangi ya kuta siipendi hata kidogo."

Sikumuuliza! Hakuna aliyemuuliza, amesema mwenyewe, na sasa anafungua gauni la Nkungu analiweka mezani.

Acha niende nikamtafutie kiti. Lala pema, Maman wangu. Nakuahidi huyu nitamuuliza, halafu nitafunga mdomo mpaka amalize, hata kama roho itanitoka. Na siku tutakayoonana mimi na wewe, usiniletee ile "iko sawa" yako. Kabla sijakusalimu, nitakuambia uinue mikono.

Mtoto wako wa moto,
Pacifique