Mama Anasema Nikuulize Wewe Tupige Kambi Wapi

Baba,

Assalaam alaykum. Ulikuwa hupendi barua inayoanza na shida kabla ya salamu, basi salamu ndiyo hiyo. Mama anakusalimu pia. Nassor naye anakusalimu kutoka Ohio, yeye na mkewe na wale wajukuu watatu uliokuwa ukiwaona kwenye simu tu. Sasa shida.

Mama amenituma nikuulize tupige kambi wapi. Alinituma juzi, akanituma jana, na leo asubuhi sijamaliza kuvaa viatu vya kazi akanituma tena. "Muulize babaako. Yeye ndiye anayejua." Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli. Nilimwambia, Mama, Baba ametutoka, tumemzika hapa hapa Dubai, miezi kumi na moja sasa. Akashika kichwa akalia kilio kilekile cha siku ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa ndiyo siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo mara tatu. Mara ya tatu alilia mpaka akatapika, na saa mbili baadaye akaniuliza mbona hujarudi kutoka dukani. Tangu hapo namjibu, "Nitamuuliza, Mama." Nakuandikia ili angalau hilo lisiwe uongo.

Na hapo nina ugomvi na wewe kidogo. Ulijua. Tulipofungua makabati baada ya matanga nikakuta vikaratasi vyako kila mahali, mwandiko wako ule wa kupinda: hapa sukari, hapa dawa za asubuhi, jiko limezimwa? Ulijua Mama anasahau, ukamficha kwangu kama mtu anayeficha zawadi. Kila nilipokuja Ijumaa ulikuwa unamjibia kabla hajaulizwa, nami nikakuona mzee mwenye kiherehere. Ungeniambia, Baba. Ningejifunza ungali hai.

Viza ya Mama imetoka. Ile uliyoihangaikia mara mbili ikakataliwa, safari hii wameigonga bila hata swali. Makaratasi ya Nassor bado hayajakamilika, akitoka Marekani hawezi kurudi, ndiyo maana hakuja kukuzika. Daktari ameniambia, kwa upole, kwamba kama nataka Mama amtambue mwanawe nisingoje mwaka mwingine. Tutakwenda Agosti, maana joto likipamba moto hoteli za Marina, yetu ikiwamo, zinakuwa tupu na madam wa kazini ananipa likizo bila kununa. Fleti ya Nassor iko ghorofa ya tatu, haina lifti, na magoti ya Mama unayajua. Nassor akasema basi tukutane kambini kama zamani, wiki nzima, watoto nao wamjue bibi yao. Nilipomtajia Mama neno kambi alikaa wima. Akaniuliza birika kubwa liko wapi. Mtu ambaye asubuhi ile alikuwa hajui jiko linawashwaje!

Lakini akaweka sharti. "Mimi siingii kambi ambayo babaenu hajailalia."

Unajua anachosema. Kila mwaka, baridi ikiingia, unatupakia garini njia ya Hatta, unaacha lami, unaingia mchangani, halafu unasimama na kusema hakuna kushuka. Unavua kandambili. Unatembea peke yako na kanzu yako, unakwenda mpaka mahali ambapo sisi hatuoni kitu chochote, unajilaza chali. Unalala pale, hutikisiki. Mimi na Nassor tunabandika pua kwenye kioo tunacheka, Nassor anasema Baba kafa, Mama anampiga kofi la mgongo. Halafu unainuka, unakung'uta mchanga, unarudi: "Hapa hapana. Yalla, twende." Mara ya pili, mara ya tatu, biriani inapoa, Mama anasema mwanamume huyu atatulaza garini. Mpaka unafika mahali unainuka unapiga makofi mawili. Khalas, hapo ni nyumbani. Hujapata kutueleza kwa nini pale na si pale pengine.

Sasa niambie, nitajilaza vipi Ohio nikiwa huku Dubai, Deira?

Nilianza vibaya. Nilianza kutafuta nafasi za Desemba, kwa sababu kwetu kambi ni baridi, nani anapiga kambi Agosti? Nassor alicheka mpaka akakohoa. "Dada, Desemba huku hata maji ya bomba yanaganda. Viwanja vyenyewe vya kambi vimefungwa." Haya. Nikapiga simu kwenye kiwanja kimoja. Akapokea bibi mmoja mwenye sauti nzuri, akaniuliza, hema au karavani? Nikasema sijui. Umeme wa kuchomeka, ampia thelathini au hamsini? Sijui. Mko wangapi? Hilo nilijua, nikalijibu kwa fahari. Kazini mimi ndiye ninayewachagulia watu vyumba, wanaotaka kuona bahari na wanaotaka kuona mji, nawapa kwa dakika mbili na tabasamu juu yake. Kwa Mama yangu nimekaa wiki tatu sijachagua.

Hema hapana, hilo nimekubali. Mama akishuka chini hainuki bila watu wawili. Nassor amepata karavani ya kuazima kwa rafiki yake, ina vitanda na choo kidogo, na ngazi zake ni mbili tu. Kilichobaki ni mahali pa kuiweka. Na hapo ndipo ninapokwama, Baba, kwa sababu ya jambo ambalo sijakwambia.

Ramadhani iliyopita Mama alitoka nyumbani peke yake. Nilikuwa bafuni. Nilipotoka mlango uko wazi, kandambili zake hazipo. Nilizunguka Deira yote nikiwa na nywele mbichi chini ya mtandio, nikiuliza watu kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa chochote. Saa tatu nzima. Aliyempata ni askari wa jengo moja kule Naif, kijana wa Kitui, alimsikia anaongea Kiswahili peke yake kando ya barabara akamwita. Nilipofika alikuwa amempa kiti chake mwenyewe na maji. "Usilie, dada, mama ako sawa. Alikuwa anatafuta duka ya Baba Nassor." Duka lako, Baba. Sasa linauza vifuniko vya simu. Alikuwa ameshapita mbele yake asilijue.

Kwa hiyo kila wanapokisifia kiwanja mtandaoni, mimi naingiwa na hofu. Wanasema kiko ukingoni mwa ziwa, hatua kumi tu kutoka mlangoni kwako. Hatua kumi! Wanasema kimezungukwa na msitu mnene, utajihisi uko peke yako duniani. Mama yangu huyo ndani ya msitu mnene. Kingine kina korongo zuri la kutazama. Nilifunga simu nikaenda kufua.

Nikakumbuka kitu kimoja ulichopata kusema, sijui ulikuwa unamwambia nani, kwamba wewe kambini unataka kuona vichwa vyote bila kugeuza shingo. Nikaanza kutafuta kiwanja ambacho watu wanakilalamikia. Nikakipata. Hakuna mti hata mmoja, wameandika. Jirani anakuona ukipiga mswaki. Ni uwanja mtupu katikati ya mashamba, msiende. Nikaangalia picha: ardhi sawasawa kama meza, choo na bafu vinaonekana kutoka kila pembe, na pembeni majani mafupi ya kijani, mistari mistari, mpaka unapoishia upeo wa macho. Nililia kwa furaha, wallahi. Nikachukua nafasi ya mwisho kwenye mstari, karibu na bafu, kisha nikaenda kwa Mama nikamwambia, "Baba kasema hapa."

Nimekusingizia. Nilifikiri ni neno dogo tu. Uso wake ulifunguka, akaniambia, "Si nilikwambia? Yeye hakosei." Akaanza kufungasha. Akatoa sinia, mkeka, kile kisu cha vitunguu, chumvi akaifunga mara mbili kwenye mfuko, akanigombeza kwamba safari iliyopita tuliisahau. Tulikuwa kweli tumeisahau, miaka sita iliyopita. Siku nne nilikuwa na Mama yangu mzima, kisha akasahau, akaanza tena kunituma kwako.

Siku ya tano Nassor alikuwa na mapumziko, akaendesha saa mbili kwenda kukiangalia kiwanja. Akanipigia kwa video. Nikamwuliza uko wapi, kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta wa kijani. Akasema, "Niko kwenye nafasi yenu, Dada." Yale majani mafupi yalikuwa mahindi. Picha zile zilipigwa Mei. Sasa yamempita Nassor kimo, na Nassor ni mrefu, na hadi Agosti yatakuwa yamezidi. Aliingia ndani na simu mkononi, hatua tatu tu, nikawa simwoni mtu, naona majani, nasikia wanawe wanaita Baba, Baba, na yeye yuko karibu nao kabisa. Alipotoka alikuwa hacheki. Akaniambia, "Mama akiingia humu..."

Tumetafuta pengine. Pote pamejaa. Agosti Wamarekani wote wako nje, na mimi nilipoteza mwezi mzima na Desemba yangu. Kilichobaki ni nafasi moja kwenye kile kiwanja cha ziwani, na hii ya mahindi. Mwisho wa kubadilisha ni leo.

Juzi mchana nilifanya upuuzi. Nilijilaza chali sebuleni, kwenye vigae, nikashika simu juu ya uso na ile picha ya kiwanja iliyopigwa kutoka angani, nikasema labda nitasikia unachokuwa ukisikia wewe. Nilisikia kiyoyozi cha jirani. Mama akatoka chumbani akanikuta pale, akakaa kwenye kochi, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nachagua mahali, kama Baba.

Akacheka, Baba. Kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Yule? Yule hajui lolote. Anaogopa tu. Ana watoto wawili na mke nyikani, anaogopa nge, anaogopa mvua, anaogopa gari litakwama. Analala pale mpaka woga umpungue, ndipo anasema hapa."

Nikamwuliza yeye alijuaje. Akasema ulimwambia mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa.

Miaka yote hiyo mimi nilidhani mchanga unakwambia kitu. Nimekaa na neno hilo siku mbili. Sijui kama limenisaidia au limenimaliza. Nilitegemea kwamba kuna jibu na kwamba ulikufa nalo, na kuna faraja katika kudhani hivyo. Kumbe hukuwa nalo. Ulikuwa chali pale na kanzu yako, umeshikwa na hofu kama mimi, na sisi kwenye kioo tunacheka. Lakini woga wako ulikuwa unapungua. Nimelala kwenye vigae vile mara tatu tangu siku ile na wangu haupungui. Ninaogopa Mama atapotea, ninaogopa nikimwacha huku Nassor hatamwona tena, ninaogopa tutafika na hatamtambua, na ziwa, na mahindi, na kwamba kila ninachochagua ninamchagulia mahali pa kuumia. Sijui kufanya hivi. Sijui, Baba, na hakuna wa kumwuliza.

Nimebaki na mahindi. Nassor ataiweka karavani mlango ukitazama bafu, mgongo ukitazama shamba. Ataleta na kengele ya kufunga mlangoni. Rukia mkewe anasema watakaa naye kwa zamu. Vyote hivyo nimeviandika kwenye karatasi, vikikaa pamoja vinaonekana vingi, nikivisoma kimoja kimoja vyote ni vidogo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Mama nitamwambia tena umepachagua wewe, naye ataamini. Lolote litakalotokea kule ataona ni wewe uliyekosea, wewe ambaye hujakosea mbele yake hata siku moja. Nimekutwisha mzigo wangu ukiwa huwezi hata kukataa. Nisamehe kwa hilo. Nitaendelea na uongo huu mpaka kwenye ndege, kwa sababu bila hivyo hatapanda. Lakini nakuahidi, tukifika pale, akishakaa kwenye kiti chake na Nassor amemshika mkono, nitamwambia mahali hapa nimepachagua mimi, Salma, si Baba. Agombe na mimi.

Baba, nakuaga sasa, lazima niende kazini na macho yangu haya. Mungu akupanulie kaburi lako, akulaze pema, asikuonyeshe hofu tena. Wala usihangaike na sisi. Na ahadi ya pili ni hii: kitanda cha kwenye karavani sikitaki. Nitatandika chini, kuvuka mlango wote kutoka ukuta hadi ukuta, nilale hapo siku zote saba. Mama akitaka kutoka, kwa magoti yale hawezi kuniruka. Itabidi aniamshe.

Mwanao,
Salma